Uso wa Bibi Harusi kwenye Ukumbi wa Samaki

Mayu, mama yangu mzazi, hakuwahi kuniomba kitu kikubwa isipokuwa uso. Alitoka Lalago wiki moja kabla ya harusi ya mdogo wangu wa kike, akashuka kwenye lori la pamba hapa Bariadi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha picha. Akakataa chai. Akakataa hata kiti. Alisimama mlangoni akanieleza kwamba wakwe zetu wapya wanahama, wanapeleka ng'ombe Usangu kwenye majani, na wataondoka na binti yake kesho yake baada ya harusi. Usangu alikuwa hajui ni wapi. Alichojua ni kwamba majirani waliotangulia kwenda huko hawajarudi hata kusalimia.

"Nipatie uso wake," akasema. "Nikibaki sina hata uso wake, nitakuwa namtazama nani?"

Mimi nikamjibu haraka, kama kawaida yangu: mayu, mpiga picha ni mwanao, harusi ni yetu, shida iko wapi? Akaitikia, akaenda zake kutafuta lori la kurudi. Nilipobaki peke yangu kwenye stuli ndipo nikaona nimeropoka. Yaani katika watu wote wa Bariadi, Maswa na Lalago, niahidi uso wa yule?

Mdogo wangu alikuwa hapigiki picha. Kwetu Usukumani kaka humwita dada yake ilumbu, na dada humwita kaka yake vilevile, neno moja la kugawana, na sisi tulikuwa wawili tu tuliobaki hai kwa mama yetu. Tulichunga ndama pamoja. Alikuwa ananishinda kurusha jiwe, na akinishinda alikuwa hanyamazi, atakusimulia mpaka jioni namna ulivyokosa. Lakini nilipoanza kazi hii na kwenda nyumbani na kamera, kila nikiielekeza kwake aliinua mkono na kuuziba uso wake, huku nyuma ya mkono anacheka. "Unanipiga ya nini, nimekufa?" Maana picha zilizokuwa ukutani kwetu zilikuwa za marehemu tu. Hivyo ninazo picha za kiganja chake. Mistari inaonekana, na mikwaruzo ya kuchuma pamba. Wakati ule nilikasirika, nikasema ananiharibia filamu bure. Leo ningetoa chochote auinue mkono ule tena anikatalie.

Halafu kuna jambo la kuinama. Kwetu bibi harusi anainamisha kichwa, na siyo kidogo. Anainama mpaka kidevu kinagusa kifua, tangu anatolewa ndani mpaka anafikishwa kwa mume. Akiinua uso watasema amefurahi kuondoka, kwamba nyumba ya baba yake ilikuwa imemchosha. Akitabasamu ndiyo basi tena, shangazi zake hawatapata pa kuficha sura. Nimepiga harusi nyingi sana, na bibi harusi wengi niliowapiga nawafahamu kwa utosi. Na aliyekuwa anamzoesha mdogo wangu kuinama, wiki ile nzima, alikuwa mayu mwenyewe. Nilikwenda Lalago siku mbili kabla nikijidai naleta sukari, kamera iko kwenye mfuko. Shangazi yangu akanisimamisha mlangoni: mwali haonwi, hata na kaka yake. Nikamvuta mayu pembeni, nikamwomba amwambie tu binti yake anitazame mara moja siku hiyo, kufumba na kufumbua. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi nimwambie ainue? Watu watanionaje? Wewe unayo mashine, tafuta pa kupitia."

Mashine yenyewe ilikuwa inakwenda kufanya kazi mahali ambapo mimi nilikuwa napachukia kuliko mahali pote mjini. Palikuwa ni ukumbi wa samaki.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Simiyu ilikuwa haijawa mkoa, tulihesabiwa Shinyanga, na pamba ilikuwa imeachiwa, kila mwenye mizani na lori ananunua. Tajiri mmoja wa pamba alikwenda Nairobi, akalala kwenye hoteli yenye samaki ndani ya kioo, akarudi hana usingizi. Akajenga ukumbi. Pale mbele ambapo wengine huweka jukwaa, yeye akajenga tangi: matofali mpaka magotini, juu yake vioo vinene, refu kama tela la trekta, juu wazi, na nyuma ngazi fupi ya mtu wa kulisha. Samaki aliwaleta kutoka ziwani, Nassa, ndani ya mapipa, juu ya pikapu, mtu amekaa nyuma anakoroga maji kwa mkono njia nzima ili wasife. Walikuwa furu wa kila rangi, wa bluu, wa njano, wenye mkia mwekundu, na sato wachache wazito wazito. Siku moja akaongeza sangara mdogo kwa ajili ya urembo. Yule sangara akawala wenzake mpaka akanenepa, akatolewa akakaangwa.

Ili samaki wang'ae, tajiri alipaka madirisha yote rangi ya bluu nzito na akakataza taa za ukumbini. Mwanga wote ulitoka juu ya maji. Ukiingia kutoka kwenye jua la Bariadi ulikuwa unapapasa viti. Watu walipapenda, we acha tu. Mtu aliyekuwa anaoa chini ya turubai la kuazima sasa anataka samaki nyuma yake. Bibi zetu ndio hawakupapenda. Walisema maji yaliyotulia ndani ya nyumba lazima yana mwenyewe, wakakaa viti vya nyuma na migongo yao ukutani.

Harusi ya kwanza mle ndani nilitumia flashi kama mtu yeyote mwenye akili. Samaki walitimka wakajigonga kwenye vioo, wanawake wakapiga kelele, na kwenye picha kila aliyekaa karibu na tangi alikuwa na jua dogo pale penye pua. Kesho yake sato mmoja akakutwa anaelea. Mimi nasema jenereta ilizimwa usiku na ile pampu ya hewa ikalala, lakini tajiri alisema ni flashi yangu. Tangu hapo flashi ikapigwa marufuku. Mpiga picha anayetaka kazi atumie mwanga wa samaki.

Basi nikawa natumia mwanga wa samaki. Kamera inakaa juu ya stendi ya miguu mitatu, unabonyeza, unaiacha wazi huku unahesabu kimoyomoyo mpaka tatu, na anayepigwa asitikisike hata kope. Aliyetulia anatoka. Aliyetikisika anakuwa moshi. Nilikuwa nawafokea watu mle ndani, wazee kwa vijana, simameni, msipumue, wewe mwenye kofia. Bado wananiletea picha kibandani kulalamika: mbona shangazi hana kichwa? Shangazi alikuwa anacheza, nifanyeje? Wacheza ngoma wote walitoka moshi, watoto wote moshi. Waliotoka vizuri kuliko wote walikuwa bibi harusi, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa kutulia. Ila ndiyo hivyo, ulikuwa unapata utosi uliotulia.

Wakwe zetu walikuwa wafugaji wenye ng'ombe wasiohesabika kwa macho, na walitaka waage kwa heshima kabla ya kuhama. Wakauza madume, wakakodi ukumbi wa samaki. Shela ililetwa kutoka Mwanza. Bwana harusi alikuwa kijana mpole, sina neno naye. Aliniita shemeji kwa sauti ya chini na akanishikia stendi wakati naifungua miguu. Ningekuwa na sababu ya kumchukia ingenisaidia.

Mdogo wangu aliingia akiwa ameinama vilivyo. Mayu alikuwa amefundisha kazi yake ikakolea. Nilimpiga akiingia, nikampiga akikalishwa pembeni kabisa mwa tangi, nikampiga akilishwa keki kwa kusogezewa chini ya kidevu kama mgonjwa. Kila picha nilipata maua ya kichwani. Nikapiga magoti mbele yake nikijifanya nanyoosha pindo la shela, labda nitampata kutoka chini. Akafumba macho. Nikajua ananitambua, na nikajua anajizuia kucheka, maana mabega yalicheza kidogo. Niliumia, sikudanganyi. Nilitamani aniambie kitu chochote, hata aseme nimekosa tena shabaha.

Mayu alikaa na wanawake, mstari wa pili. Kila nilipogeuka nilikuta macho yake yako kwangu, siyo kwa bibi harusi. Mimi nikawa natingisha kichwa: bado. Filamu yangu ya mwisho ilikuwa imekwenda sana.

Mshereheshaji akatangaza zawadi. Ukoo wa bwana harusi ukaondoka wote, pamoja naye mwenyewe, kwenda mlangoni ili warudi wakicheza, na ukoo wetu ukageuza viti kuwatazama, na msimamizi wa bibi harusi naye akanyanyuka kuona blanketi ni ngapi. Kwa muda mfupi mdogo wangu alibaki hana anayemtazama isipokuwa mimi na mama yake. Ndipo furu mmoja wa bluu mwenye mkia mwekundu akaja kwenye kioo, pale pale penye bega lake, akasimama akitafuna maji.

Sisi ni watu wa Lalago. Samaki tuliomjua alikuwa amepasuliwa, amekaushwa, yuko kwenye tenga sokoni na nzi wake. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kumwona aliye hai. Nadhani aliona kitu kinacheza kwa pembe ya jicho. Kichwa kikaanza kuinuka polepole sana, kikageukia kioo, na mwanga wa maji ukamwangukia usoni wote: paji, shavu, mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa amesahau kwamba ni bibi harusi. Alikuwa yule wa kuchunga ndama.

Nikabonyeza. Nikahesabu. Moyo ulikuwa unadunda mpaka naogopa stendi itatikisika. Yeye hakutikisika, samaki naye hakutikisika, nikafunga.

"Ilumbu," akasema kwa Kisukuma, bado anatazama maji, sauti ya chini ya kunisikia mimi tu. "Hawa wanajua kwamba wamehamishwa?"

Nilitaka kujibu. Ngoma ikaingia mlangoni, blanketi zikaingia juu ya vichwa, msimamizi akarudi mbio na kidevu cha mdogo wangu kikarudi kifuani. Asubuhi yake lori la wakwe lilipita barabara ya Maswa na wanawake wamekaa juu ya magunia, ng'ombe wakiwa wametangulia na vijana kwa miguu. Nilipunga mkono. Kulikuwa na wanawake wengi wamejifunika khanga kwa ajili ya vumbi, na sikujua ni yupi ninayempungia.

Filamu ilikwenda kwa basi Mwanza kusafishwa, na siku zile zote za kungojea sikuwa mtu wa kukaa naye. Iliporudi nikaipita harusi nzima haraka haraka mpaka nikafika hapo. Alikuwepo. Kijani na bluu, ametulia, safi kabisa, uso wa upande, mpaka kovu dogo la kwenye nyusi alilolipata kwa jiwe langu, mojawapo ya machache yaliyompata. Nikaisafirisha mwenyewe mpaka Lalago. Mayu alinawa mikono kwanza, akajifuta, ndipo akaipokea kwa mikono miwili. Alikaa nayo mlangoni mpaka jua likazama. Nikarudi Bariadi nimevimba kichwa, najiona mpiga picha hasa.

Nilipokwenda tena nyumbani baada ya mavuno, picha ilikuwa imehamishwa ukuta. Safari iliyofuata imehamishwa tena, iko juu ya mtungi, karibu na kona ya nyumba, na kitanda nacho kimegeuzwa. Nikauliza kulikoni. Mayu akanivuta nisimame upande wa kushoto wa picha, karibu kabisa na ukuta, akaniuliza kama kutoka pale naona macho yake. Sikuyaona.

"Hanitazami," akasema.

Nikamweleza kwamba alikuwa anatazama samaki, na kwamba bila yule samaki tusingepata chochote. Akasema anajua ni samaki, siyo mtoto mdogo yeye. Lakini kila asubuhi akimsalimia, mwenzake ametazama pembeni, na mtu ukisalimiwa unageuka. Nikakasirika. Nikasema mayu, uliomba uso nimekupa uso, macho hukuomba. Akaifuta picha kwa upindo wa khanga na kuirudisha mahali pake.

Habari za Usangu zilikuja kwa midomo ya watu waliopeleka mifugo wakarudi. Amejifungua. Amejifungua tena, mapacha. Maji yamekuwa ya kugombania na wakulima, ukoo umesogea mbele, huko kwenye mabonde ya Kilombero. Kila habari ilikuwa ya mbali kuliko ile ya kwanza. Simu zilikuwa hazijatufikia. Mayu alikuwa anamsikiliza mleta habari mpaka mwisho, anampa maziwa, halafu anamwuliza swali moja tu, kama binti yake amenenepa au amekonda, na kila mtu alijibu anavyojua mwenyewe.

Ukumbi nao ulikufa. Tajiri aliyumba bei ya pamba ilipoanguka, kumbi za taa za rangi zikafunguliwa, hakuna aliyetaka giza tena. Samaki walikwisha mmoja mmoja. Maji yakakaushwa, madirisha yakabanduliwa rangi, akapangishwa muuza mitumba, na vioo vya tangi vikabaki kwa sababu vilikuwa vinene mno kung'olewa bila kuvunjika. Muuzaji aliweka marobota mbele yavyo.

Hapo ndipo mayu alipokuja tena, mara ya pili maishani mwake kuniomba kitu. Alikuwa amezeeka, miguu inamsumbua, na safari hii kiti alikipokea. Alikuwa ameifunga picha kwenye kitambaa. Akanionyesha kwa kidole mahali samaki alipo.

"Nataka nikae hapa," akasema. "Unipige nikiwa hapa. Halafu utaziweka pamoja ukutani, yeye huku, mimi huku."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nikanyanyuka nikaenda nje nikajifanya nafunga baiskeli. Halafu nikachukua kamera.

Muuza mitumba alitusogezea marobota bila kuuliza sana. Mayu alipanda ile ngazi fupi ya nyuma, mimi nimemshika kiuno, akavuka ukingo, akashuka ndani ya tangi. Chini kulikuwa na mchanga mkavu na konokono wameganda. Akajinyoosha gauni. Nikaweka kiti cha plastiki nje ya kioo, pale alipokuwa ameketi mdogo wangu, na mayu akaanza kunielekeza kwa mkono kutoka ndani, akiiangalia picha kisha kiti: sogeza, rudisha, kidogo huku. Alipotosheka akapiga magoti kwenye mchanga ili awe sawa na urefu wa mtu aliyekaa. Nikamwambia asipige magoti, yatamuuma. Hakunisikia, au hakutaka.

Nilisimama na kamera nyuma ya kile kiti, usawa wa kichwa cha mtu. Jua lilikuwa linaingia madirishani, hapakuwa na haja ya stendi wala ya kuhesabu. Mayu aliweka kiganja kwenye kioo. Akakitazama kiti, akakitazama hasa, na midomo ikaanza kucheza. Alisema chini chini, nje haikusikika kitu. Nikasubiri amalize kusema ndipo nipige, kwa sababu mdomo ukiwa wazi picha haipendezi, hilo ndilo la kwanza kufundishwa katika kazi yetu. Nikasubiri sana. Muuza mitumba akaacha kukunja mashati yake. Hakumaliza, nikampiga hivyo hivyo akiwa anasema.

Mayu na binti yake hawakuonana tena. Picha zote mbili ninazo mimi sasa, ziko sebuleni, yeye huku na mayu huku, wanatazamana. Wageni wakiziona huniuliza yule mama alikuwa anasema nini. Sijui. Hakuwa akisema na mimi.